Petroli, haibridi au umeme: mwongozo wa kupiga hesabu kabla ya kuagiza gari

Mtu akiniambia anataka gari la haibridi, namuuliza kwanza analala wapi na anafanya kazi wapi. Anayetoka Mbezi Mwisho kwenda Posta kila asubuhi, na anayekaa Mikocheni huku ofisi yake ikiwa hapo hapo Mikocheni, wanaweza kununua gari lile lile kwa bei ile ile. Wa kwanza atarudisha pesa yake na kuanza kula faida. Wa pili atauza gari kabla hajarudisha hata nusu.

Nimewaandikia wanaoagiza gari lililotumika kutoka Japani au wanaolinunua yadi Dar es Salaam. Hesabu zangu ni za shilingi ya Tanzania, lakini aliye Mombasa, Nairobi au Kampala abadilishe bei tu, njia ya kufikiri ni ile ile.

Hatua ya 1: Jua unachouziwa

Neno haibridi limebandikwa kwenye magari yasiyofanana hata kidogo.

Wengi wakilitaja wanamaanisha Toyota Prius, iliyoanza kuuzwa Japani Desemba 1997, pamoja na wadogo zake: Aqua iliyotoka Desemba 2011, kisha Axio na Fielder za haibridi za 2013. Haya yana injini ya petroli, mota ya umeme na betri kubwa, na hayana pa kuchomeka waya. Jirani lazima akuulize unachajia wapi. Huchaji popote. Ukikanyaga breki kwenye gari la kawaida, mwendo unageuka joto na kupotelea hewani. Kwenye haibridi mota inageuka jenereta, na sehemu ya mwendo ule inarudi kwenye betri. Kwenye foleni injini inazimika, AC inaendelea kupuliza kwa sababu kompresa yake inakula umeme wa betri kubwa, na gari linasogea kimya mita kumi kumi. Betri ikishuka, injini inajiwasha dakika chache, inajaza, inazima tena.

Nissan Note e-Power, tangu Novemba 2016, ina mpango mwingine: injini yake ya 1.2 haizungushi magurudumu kabisa. Ipo kuzalisha umeme, na mota ndiyo inayosukuma gari. Mjini ni tamu sana. Kwenye barabara kuu, mwendo wa 100, utamu unapungua.

Kuna zile zenye nembo kubwa na mota ndogo, mfano Nissan Serena S-Hybrid. Mota yake inasaidia injini kuwaka na kuondoka, basi. Haiwezi kulisogeza gari peke yake. Ukiilipia bei ya haibridi kamili kwa sababu ya maandishi ya mlangoni, umepigwa.

Halafu kuna haibridi za kuchomeka, kama Mitsubishi Outlander PHEV ya 2013 yenye betri ya yuniti 12, na mwisho gari la umeme tupu. Katika magari ya umeme yaliyotumika, utakalokutana nalo sana ni Nissan Leaf, lililoanza Desemba 2010 na betri ya yuniti 24, likaja la 30, la 40 mwaka 2017 na la 62 mwaka 2019. Nasema yuniti kwa makusudi: kilowati-saa moja inayoandikwa kwenye betri ndiyo yuniti moja unayonunua LUKU, ile mita ya kulipia umeme kabla ya kutumia. Ukilijua hilo, hesabu zote zinakuwa nyepesi.

Hatua ya 2: Pima gari ulilonalo

Wengi wetu hatujui gari letu linakula kiasi gani, maana leo tunaweka mafuta ya elfu ishirini, kesho ya elfu kumi. Fanya hivi mara moja tu. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe. Andika kilomita. Endesha wiki nzima kama kawaida yako, usijifanye mpole kwa sababu unapima. Rudi kituo kile kile, jaza tena mpaka ijikate, kisha gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia.

Kama huna gari, tumia makadirio haya, ambayo ni ya foleni na AC ikiwa imewashwa: IST au Vitz za petroli kilomita 12 kwa lita, Aqua kilomita 20, Leaf kilomita 6 kwa kila yuniti inayotoka ukutani, ikiwa ni pamoja na umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Atatokea wa kukuambia Aqua yake inakwenda 30. Inawezekana, kama anaendesha usiku, peke yake, na madirisha wazi.

Hatua ya 3: Hesabu ya njia yako

Tuchukue petroli kwa shilingi 2,900 kwa lita. Bei ya mwezi wako utaiona kwenye tangazo la EWURA, wadhibiti wa bei za mafuta, la Jumatano ya kwanza. Kenya, EPRA hutangaza kila tarehe 14. Umeme wa nyumbani kwa bei ya T1, daraja la matumizi ya kawaida, pamoja na kodi zake, shilingi 10,000 inakupa yuniti 28 hivi, yaani kama 357 kwa yuniti.

Anza na siku moja ya mtu wa Mbezi, kilomita 50 kwenda, kurudi na mizunguko:

IST: lita 4.2, shilingi 12,000 na kidogo.
Aqua: lita 2.5, shilingi 7,250.
Leaf: yuniti 8.3, shilingi 3,000 bila senti nyingi.

Siku sita kwa wiki, wiki hamsini, hizo ni kilomita 15,000 kwa mwaka. IST itakunywa shilingi 3,625,000, Aqua 2,175,000, Leaf 892,500. Kwa hiyo Aqua inakuokolea 1,450,000 kwa mwaka.

Hapo ndipo wauzaji wanapoishia. Wewe endelea. Tuseme Aqua yenye hali sawa na IST unayoitaka inaizidi bei kwa milioni 3. Weka na milioni nyingine 3 kama akiba ya betri kubwa na kazi zake, kwa sababu gari lenye miaka kumi si swali la kama betri itachoka, ni lini. Hizi milioni 3 na 3 ni kielelezo changu. Bei halisi zichukue yadi na kwa mafundi wawili tofauti kabla hujaamua. Jumla milioni 6, gawanya kwa 1,450,000: miaka minne na miezi miwili hivi. Kama unakaa na gari miaka sita, umeshinda. Kama wewe ni wa kubadili gari kila baada ya miwili, umefadhili safari za mwenzako.

Sasa mtu wa Mikocheni anayetembea kilomita 6,000 kwa mwaka. Anaokoa lita 200, shilingi 580,000. Milioni 6 zake zitarudi baada ya miaka zaidi ya kumi. Huyu namwambia bila kumung'unya: nunua petroli yenye injini ndogo, tena safi, na pesa iliyobaki tia kwenye matairi na bima.

Dereva wa teksi za mtandaoni anayepiga kilomita 45,000 kwa mwaka yuko upande wa pili kabisa. Anaokoa lita 1,500, shilingi 4,350,000. Zile milioni 6 zinarudi ndani ya miezi kumi na saba. Ndiyo maana Aqua na Prius zimejaa kwenye kazi hiyo. Hao watu hawakushawishiwa na matangazo.

Na anayeishi barabarani, wa Dar–Mwanza au Nairobi–Kisumu? Huko breki hazitumiki sana, betri haipati cha kuvuna. IST inafika kilomita 15 kwa lita, Aqua 21. Kwa kilomita 15,000 unaokoa lita 286, kama shilingi 829,000. Si haba, ila ni kidogo zaidi ya nusu ya faida ya mjini, na hapo gari limebeba uzito wa betri na mota njia nzima.

Hatua ya 4: Ukitaka umeme tupu, kagua nyumba kabla ya gari

Kwa gari la umeme, nyumba ndiyo kituo cha mafuta. Kwa hiyo anza na maswali matatu: gari linalala ndani ya ua wako? LUKU ni yako peke yako? Kuna gari jingine pale nyumbani?

Kama umepanga na mnachangia LUKU wapangaji sita, sahau. Hata ukinunua mita ndogo ya kupimia matumizi yako, usiku umeme ukiisha watakugongea wewe mwenye gari.

Jambo ambalo sijaona watu wengi wakilihesabu ni daraja la umeme. Kaya ndogo Tanzania inakuwa D1: yuniti 75 za mwanzo wa mwezi kwa shilingi 100 kabla ya kodi, zinazozidi hapo bei inaruka, na ukizidisha mfululizo unahamishiwa T1. Leaf ya kilomita 15,000 kwa mwaka inakula yuniti 208 kwa mwezi. Maana yake friji, taa na pasi, ambavyo vilikuwa vinatumia umeme wa bei chee, navyo vinapanda bei kwa sababu ya gari. Kama uko D1, ongeza tofauti hiyo kwenye hesabu yako. Kenya wamekuwa na bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri tangu 2023, nafuu zaidi saa za usiku. Ulizia masharti ya mita yake.

Kukatika kwa umeme kunatisha kuliko inavyostahili. Soketi ya kawaida ya pini tatu ikitoa ampea 10 mfululizo inapeleka kama kilowati 2.3. Yuniti 8.3 za siku nzima zinaingia chini ya saa nne. Hata umeme ukikatika saa mbili usiku ukarudi saa nane, asubuhi gari lipo tayari. Na tangu mitambo tisa ya Bwawa la Nyerere kule Rufiji ikamilike, megawati 2,115, shida ya mitaa mingi ni nguzo na transfoma kuliko umeme wenyewe.

Kinachotisha kweli ni waya. Ampea 10 kwa saa kumi mfululizo si sawa na pasi ya dakika kumi. Ekstensheni ya dukani itayeyuka. Mwite fundi umeme mwenye leseni, akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye boksi kuu, waya wa milimita 6 kama ule wa jiko la umeme, breka yake, na erthi iliyopimwa kwa kifaa, isiwe ya kubuni. Kebo inayokuja kwenye buti la gari la Japani soma kibandiko chake: nyingi zimetengenezwa kwa volti 200 za kwao, na sisi hapa ni 230. Kama kibandiko hakifiki 240, nunua nyingine. Ni gharama, iandike.

Safari ndefu? Leaf ya yuniti 24 yenye umri wake, ukipata kilomita 80 bila jasho shukuru. Ya yuniti 40 yenye betri nzuri itakwenda 200 na zaidi kwa mwendo wa upole, yaani Morogoro utafika, ila utaingia ukiwa unatazama asilimia kuliko barabara, na huko lazima uwe na mwenyeji mwenye soketi. Anayekwenda Dodoma, tangu 2024 kuna treni ya SGR, nayo ni ya umeme. Aliyeacha Leaf nyumbani hajapoteza kitu.

Kwa hiyo gari la umeme tupu namshauri mwenye ua wake, LUKU yake, njia ile ile kila siku, na gari jingine la familia kwa ajili ya kwenda kijijini Desemba. Kwa huyo, ile 892,500 kwa mwaka haina mpinzani.

Hatua ya 5: Kagua betri kabla ya rangi

Hapa ndipo pesa inapopotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Kwa haibridi, mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kilichofichwa au muuzaji hasikii. Bonyeza kitufe cha kuwasha. Kinachotakiwa ni neno READY kwenye dashi, hata kama injini haijalia. Pembetatu nyekundu ikibaki imewaka, usisikilize maelezo ya «hiyo ni sensa tu».

Nunua kidude cha OBD2 cha bluetooth, cha kusomea kompyuta ya gari, kinauzwa Kariakoo kwa bei ya mlo wa familia, na weka kwenye simu programu ya Dr. Prius. Kichomeke chini ya usukani usome kodi za makosa, yaani namba za hitilafu. Ukikuta P0A80, kompyuta ya gari inasema betri kubwa ibadilishwe. Usipokuta kodi yoyote bado usishangilie, kwa sababu kufuta kodi ni kazi ya sekunde kumi na wauzaji wanaijua. Dawa yake ni kuendesha: nusu saa isiyopungua, na uwe na mlima na foleni. Betri iliyochoka itajitaja. Mistari ya chaji itapanda hadi juu na kuanguka karibu na sifuri ndani ya dakika chache, injini itawaka kila mara bila sababu, na feni ya nyuma itavuma kama inapuliza jiko.

Ujue na ndani kuna nini. Betri ya Prius ya 2009 hadi 2015 ni moduli 28, ya Aqua ni 20, kila moja volti 7.2, zimeungana mfululizo. Moja ikifa, zote zinaonekana zimekufa. Ndiyo chanzo cha biashara ya «kubadili seli moja»: fundi anatoa mbovu, anaweka nyingine kutoka kwenye betri iliyochinjwa, gari linatembea. Baada ya miezi michache inafuata iliyokuwa ya pili kwa uchovu, unarudi. Ukikubali kutengenezewa, dai moduli zote zipimwe na zilinganishwe, na upewe dhamana ya maandishi. Usipopata hiyo dhamana, umenunua muda tu.

Sasa feni. Betri hizi zinapozwa kwa hewa ya ndani ya gari, inayovutwa kupitia tundu lililo pembeni au chini ya kiti cha nyuma kutegemea modeli. Vumbi letu linajaza chujio na mapanga ya feni, betri inachemka, inakufa kabla ya siku zake. Piga tochi kwenye lile tundu. Ukiona zulia la vumbi, una hoja ya kushusha bei. Mimi la kwangu nililipeleka kushonewa kava za viti wiki ile ile nililolipata. Kava zikatoka nadhifu, na zimefunika tundu lote. Nilikuja kugundua siku mtoto aliposema kiti kinapiga mluzi.

Sikiliza na breki. Ukiwa umesimama na READY imewaka, pampu ya breki inavuma kidogo kisha inanyamaza. Ikivuma kila baada ya sekunde chache bila wewe kugusa pedali, mfumo wa breki unapoteza presha, na kipuri chake ni miongoni mwa vya bei mbaya. Kwa Prius ya 2009–2015, angalia pia maji ya injini: yakipungua bila kuvuja, na asubuhi injini ikitetemeka kama inakohoa, gasketi ya silinda hedi iko njiani, mara nyingi kwa sababu njia ya kurudishia moshi imeziba masizi. Honda Fit Hybrid ya 2013 inanunuliwa sana kwa sura. Giaboksi yake ya klachi mbili iliitwa kiwandani mara kadhaa huko Japani. Ijaribu kwenye foleni ya kupanda mlima. Ikirukaruka, iache.

Kwa Leaf mambo ni tofauti. Betri yake haina kipoza cha maji wala feni, na joto la pwani linaila polepole. Kulia mwa dashi kuna mistari 12 ya afya ya betri, tofauti na ile ya chaji. Mstari wa kwanza ukipotea, karibu 15% ya uwezo imeshakwenda. Kila unaofuata ni zaidi ya 6%. Mistari inaweza kurudishwa 12 kwa ujanja wa kompyuta, kwa hiyo weka programu ya LeafSpy uone namba yenyewe, halafu uithibitishe barabarani. Chaji ijae. Endesha kilomita 30 za tambarare kwa upole, utakuwa umetumia kama yuniti 4.5. Kwa Leaf ya yuniti 24 ikiwa mpya, asilimia ingeshuka 21 hivi. Ikishuka 35, umebakiwa na 60% ya betri, hata kama dashi inaonyesha mistari kumi na miwili imenyooka kama gwaride.

Gari likiwa bado Japani huwezi kufanya haya. Hapo omba karatasi ya mnada yenye alama na namba ya fremu, na Leaf omba picha ya dashi ikiwa imewashwa. Alama ya R maana yake lilishapata ajali na kutengenezwa. Lililozama mafuriko usilichukue kwa bei yoyote, haibridi na umeme zaidi ya yote.

Hatua ya 6: Umri na ushuru

Kwa kifupi, maana kila bajeti inagusa hapa. Tanzania, gari likipita miaka 8 linaongezewa ushuru wa uchakavu, likipita 10 unaongezeka tena. Ingiza modeli na mwaka kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, kabla hujatuma hata dola moja. Kenya haliingii kabisa likipita miaka 8, na mwaka 2019 walishusha ushuru wa bidhaa wa magari ya umeme kutoka 20% hadi 10%. Uganda kikomo ni miaka 15.

Hapa pana mtego: gari la bei nafuu Japani ni lile lenye miaka 12, ambalo ushuru wake ni mkubwa na betri yake ndiyo iko ukingoni. Kwa petroli unaweza kuuvumilia umri huo. Kwa haibridi ni bora uchukue dogo la karibuni kuliko kubwa la zamani.

Hatua ya 7: Mtafute fundi kabla ya gari

Habari njema kwanza. Aqua haina stata, haina oltaneta, wala mikanda ya kukatika. Pedi za breki zinadumu mno kwa sababu mota inafanya kazi kubwa ya kusimamisha. Huduma nyingine ni oili na chujio kama gari lolote.

Ila kuna nyaya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkali wa betri kubwa, na hizo si za fundi wa chini ya mwembe. Ukimpata anayejiita fundi wa haibridi, muulize swali moja: «Ukishachomoa plagi ya usalama ya betri kubwa, unasubiri muda gani kabla ya kugusa inveta?» Anayejua atasema dakika kumi, ili umeme uliobaki kwenye inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uende kwenye mota, uishe, na atakuonyesha glavu zake za mpira. Akicheka, mshukuru kwa muda wake, uondoke.

Usikubali mtu achomelee bodi ya gari huku betri zimeunganishwa. Usimwazime mtu umeme wa kustatia gari lake kutoka kwenye haibridi yako. Betri yake ndogo haikutengenezwa kwa mzigo huo. Na bima, kama unakaa bonde la Msimbazi au pengine panapotuama maji, soma kipengele cha mafuriko na uulize kama betri kubwa inahesabiwa.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Gari likitoka bandarini, safisha feni ya betri, kisha urudie kila miezi sita. Badilisha betri ndogo ya volti 12 kama ina dalili za uzee: ikilala, gari halifiki READY hata kama ile kubwa imejaa, na watu wengi wameuziwa betri kubwa wakati iliyokufa ilikuwa ndogo. Angalia maji ya kupozea inveta, ambayo yana kopo lake mbali na rejeta ya injini. Oili ni 0W-20. Nzito ya «kulinda injini» inakula ile akiba uliyoinunulia gari. Wakataze waosha magari kupiga injini kwa maji ya presha.

Kwa Leaf, siku za kawaida chaji hadi 80%, na usiliache limejaa 100% juani mchana kutwa. Haibridi nayo haipendi kusahaulika. Ukisafiri mwezi mzima, mwachie shemeji ufunguo aliwashe READY nusu saa kila wiki mbili, na umwambie kabisa: injini isipolia, gari limewaka, asibonyeze tena.